Family Day Kanada: mbona mimi napumzika, mke wangu anaenda kazini?

#1 Baba_Wawili_Gatineau
Wadau habari zenu. Naombeni mnitoe tongotongo. Nimeingia nchi hii Agosti, kwa hiyo hii ndiyo Februari yangu ya kwanza. Naishi Gatineau, upande wa Quebec, na kibarua changu kiko bohari moja Ottawa, upande wa Ontario. Ni kuvuka daraja tu.

Jana msimamizi katutangazia kwamba Jumatatu ya wiki ijayo hakuna kazi, ni sikukuu, inaitwa Family Day, na tutalipwa. Nikarudi nyumbani nimeshapanga kila kitu: asubuhi watoto kwenye barafu, jioni pilau.

Mke wangu akanitazama kama mtu aliyelewa. Yeye anafanya kazi kituo cha kulelea watoto hapa hapa Gatineau, na Jumatatu hiyo anaingia saa moja asubuhi kama kawaida. Watoto nao wana shule. Shemeji yangu tunayekaa naye anaendesha lori la masafa marefu, anasema miaka minne yote hajawahi kupewa siku hiyo. Kwa maana hiyo Siku ya Familia itakuwa mimi na friji.

Hii ni sikukuu ya taifa au ni ya bohari letu?

#2 Mzee_wa_Brampton
Karibu Kanada mkuu. Umeingia nyumba ya kambale: baba ana sharubu, mama ana sharubu, mtoto ana sharubu. Kila jimbo linajipangia sikukuu zake, na serikali kuu nayo ina orodha yake. Jumatatu ya tatu ya Februari ni sikukuu Ontario, Alberta, Saskatchewan, British Columbia na New Brunswick kwa jina hilo la Family Day. Quebec haimo. Serikali kuu haimo. Wewe unafuata sheria ya unapofanyia kazi, si ya unapolala.

#3 kidole_kimoja
Siku ya Familia bila familia 😂😂

#4 Lushois_613
Jambo bandugu. Mimi niko Gatineau mwaka wa sita. Huku kwetu hiyo konje haiko kabisa. Sisi tuko na Saint-Jean tarehe 24 Juni, hapo watu wa Ottawa wanaenda kazi na sisi tunachoma nyama. Baba Wawili usilie, mwezi wa sita bibi yako atakucheka wewe.

#5 Mama_Mishahara
Nimekaa kwenye meza ya mishahara miaka kumi na moja, kampuni tatu tofauti, acha niongeze nyama kwenye maelezo ya mzee hapo #2.

Ontario ina sikukuu 9 za kulipwa kisheria, Quebec ina 8. Walio chini ya sheria ya kazi ya serikali kuu, yaani benki, mashirika ya ndege, simu, na malori yanayovuka mpaka wa jimbo, wana 10. Shemeji yako yuko kapu hilo la tatu. Kwenye zile 10 Family Day haimo, ila kuna 30 Septemba, Siku ya Ukweli na Maridhiano, iliyoanza 2021 kuwakumbuka watoto wa wenyeji wa asili waliopelekwa kwa nguvu shule za bweni. Siku hiyo shemeji atapumzika na wewe wa Ontario utabeba maboksi. Nyumba yenu moja ina kalenda tatu, na mimi wateja wa namna yenu ndio wananitia mvi kichwani.

Malipo ya Ontario: chukua mshahara wako wa kawaida wa wiki nne kabla ya wiki ya sikukuu, ongeza malipo ya likizo yaliyoiva kipindi hicho, gawa kwa 20. Kama wiki nne umepata dola 2,400, sikukuu ni dola 120. Usikubali mtu akwambie wewe wa muda mfupi hustahili, hata wa saa chache analipwa, ila kidogo kwa hesabu hiyo hiyo.

#6 Chuma_cha_Mjerumani
Mama Mishahara umesahau mtego mkubwa. Lazima uingie zamu yako ya mwisho kabla ya sikukuu na ya kwanza baada yake. Mwaka wangu wa kwanza nilijipa na Jumanne, nikasema hawa wazungu wamelala, nani ataniona. Slipu ilipotoka sikukuu yangu sifuri. Nikaenda kulalamika na kifua mbele, nikasomewa sheria, nikarudi na kifua nyuma.

#7 Mama_Mishahara
Sikusahau, nilikuwa namwachia mwenye kovu asimulie 😄 Ni kweli, lakini ukiwa na sababu ya msingi, kwa mfano umeugua, hupotezi. "Nilikuwa nimechoka kwa kupumzika" haimo.

#8 Pwani_Moja
Nyote mwazunguka. Siku hiyo asili yake ni bendera. Bendera ya jani jekundu ilipandishwa mara ya kwanza Februari 1965, ndiyo maana wakaweka mapumziko mwezi huo. Familia ni jina la kubandika tu.

#9 Mzee_wa_Brampton
Hapana Pwani. Siku ya Bendera ipo, ni 15 Februari, na ilitangazwa rasmi 1996. Lakini haina mapumziko hata ya dakika tano, utaiona kwenye matangazo ya serikali basi. Na Alberta walianza kupumzika Family Day 1990, miaka sita kabla. Mjukuu hawezi kumzaa babu.

#10 Pwani_Moja
Sawa sheikh, nimekubali tarehe. Sikukubali sababu. Kwa nini Februari basi?

#11 Mkamba_Calgary
Kwa sababu ilianzia kwetu, na kwetu kulikuwa na premia, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, anaitwa Don Getty. Yeye ndiye aliyeileta 1990, akasema watu wanahitaji siku ya kukaa na wa nyumbani kwao. Wazee niliowakuta kazini wanasema waajiri walipiga kelele sana kuhusu gharama, na magazeti yakaiunganisha na misukosuko ya familia yake mwenyewe. Kitu ambacho wengi hawajui: tulinyang'anywa kingine. Heritage Day ya Agosti ilishushwa cheo siku hizo hizo, ikawa mwajiri akitaka akupe, asipotaka uende kazi. Kwa hivyo ukihesabu vizuri sisi hatukuongezewa, tulibadilishiwa siku ya jua kwa siku ya theluji. Na bado tukasema asante.

#12 Hamilton_Juu
Hiyo ni Alberta. Ontario ni uchaguzi mtupu. Premia wetu Dalton McGuinty aliiahidi kwenye kampeni ya 2007, akashinda, Februari 2008 tukapumzika. Mwanasiasa anayekuahidi barabara utamngoja miaka. Aliyekuahidi Jumatatu ya kulala, miezi minne tu ulikuwa umelala. Hakuna falsafa ya familia hapo.

#13 Nyota_ya_Vancouver
Mimi nina nadharia ya tatu. Tazameni kalenda ya Marekani: Presidents' Day ni Jumatatu ya tatu ya Februari. British Columbia tulipoanza 2013 tuliweka Jumatatu ya pili, tukidhani tuna akili, milima ya kuteleza isijae watu wa Alberta na Washington siku moja na sisi. Wenye biashara wakalia: mkipumzika ninyi wenzenu wako kazini, wakipumzika wenzenu ninyi mko kazini, simu hazipokelewi. 2019 tukahamia ya tatu. Fuata pesa.

#14 Hamilton_Juu
Nyota, umeeleza kwa nini mlihama, hujaeleza kwa nini mlianza. Kati ya Mwaka Mpya na Ijumaa Kuu hakuna sikukuu hata moja huku, na huo ndio wakati gari haliwaki na jua linazama saa kumi na moja. Watu walikuwa wanaumwa kwa zamu. Mwanasiasa yeyote mwenye macho angeona.

#15 Mama_Mishahara
Sasa kama ni uchovu wa baridi, Quebec kuna joto? Newfoundland je? Nunavut je? Wote hawana siku hiyo.

#16 Lushois_613
Quebec tuko na relâche, wiki nzima watoto hawaendi masomo, kwenye mwisho wa Februari ao mwanzo wa Machi. Wazazi wengi wanachukua likizo yao hapo. Patron akisikia unataka Jumatatu ingine juu ya ile, atakuuliza kama unataka na kiti chake.

#17 Binti_Winnipeg
Mnaongea kana kwamba nchi nzima inaiita Siku ya Familia. Manitoba Jumatatu hiyo hiyo ni Siku ya Louis Riel, tangu 2008. Na jina hatukupewa na premia: waliulizwa watoto wa shule mkoani wapendekeze, likachaguliwa hilo.

Riel alikuwa kiongozi wa Wametis, watu wa mchanganyiko wa wenyeji wa asili na wafanyabiashara wa manyoya, wengi Wafaransa. Yeye na watu wake ndio walioilazimisha serikali ya Ottawa kukaa mezani, Manitoba ikazaliwa 1870 kama jimbo. Miaka kumi na tano baadaye, 16 Novemba 1885, serikali hiyo hiyo ikamnyonga mjini Regina kwa uhaini.

Na wikendi hiyo ndiyo tuko ndani ya Festival du Voyageur, mtaa wa Saint-Boniface, tangu 1970. Siku kumi hivi za sanamu za theluji, fidla, supu ya njegere za njano, na wanaume wanaoshindana kufuga ndevu. Wanamwaga utomvu wa mti wa mepo (maple) uliochemshwa juu ya theluji safi, unaganda, unauzungushia kijiti unakula. Mwanangu wa miaka mitano aliniuliza kama hata theluji ya kwetu Kigoma ni tamu. Nikakosa pa kuanzia.

#18 Pwani_Moja
Wamemnyonga, kisha wakampa sikukuu? Ajabu.

#19 Mkamba_Calgary
Ajabu gani? Dedan Kimathi alinyongwa 18 Februari 1957, leo ana barabara na sanamu katikati ya Nairobi. Tofauti ni kwamba sanamu yake haikuwekwa na walionyonga. Hapa Ottawa ni ile ile.

#20 Binti_Winnipeg
Na usidhani wameelewana. Kuna familia hapa zinaiita Riel Day kwa fahari, na kuna watu kazini kwangu wanaiita "wikendi ndefu" tu, hawataki kulitaja jina. Ukisikia mtu anavyoiita unajua umekaa na nani.

#21 Halifax_Kiduchu
Nova Scotia nayo tarehe hiyo hiyo ni Heritage Day, ilianza 2015, na kila mwaka anaheshimiwa mtu, tukio au mahali fulani. Wa kwanza kabisa alikuwa Viola Desmond. Wengi mnambeba mfukoni bila kumjua: ndiye aliye kwenye noti ya dola 10 ile iliyosimama wima, ya 2018.

Alikuwa mwanamke mweusi wa Halifax, na biashara yake ya urembo. 1946 gari lilimharibikia New Glasgow, akaingia sinema kuvuta muda. Alikuwa haoni vizuri mbali, akakaa chini, mbele. Watu weusi walikuwa wanauziwa tiketi za roshani tu. Akasema yuko tayari kulipa tofauti, wakakataa, akaburutwa nje, akalala rumande. Mashtaka waliyomtungia ndiyo yanayoniuma: kukwepa kodi. Tofauti ya kodi kati ya tiketi ya chini na ya juu ilikuwa senti moja. Senti moja jamani. Akapigwa faini dola 20 na gharama dola 6. Msamaha ulitoka 2010, yeye kafariki 1965.

Mimi niko hapa mwaka wa tisa. Nilipofika nilidhani sikukuu hii ni ya majumba ya kale na mabaharia wa Uskoti. Binti yangu alirudi na kazi ya shule ndipo nikajua.

#22 Mzee_wa_Brampton
Asante sana Kiduchu. Naongezea mwingine wa majira haya haya: 21 Januari ni siku ya Lincoln Alexander, mbunge wa kwanza mweusi wa bunge la Kanada, 1968, aliyechaguliwa kutoka Hamilton. Baadaye akawa Luteni Gavana wa Ontario. Siku ipo kisheria, mapumziko hakuna. Hamilton Juu, barabara unayopanda kila siku kwenda kwako ina jina la nani?

#23 Hamilton_Juu
Naipita mara mbili kwa siku nikiilaani kwa foleni. Nimeona aibu kidogo.

#24 Msomi_St_Johns
Naona mnatafuta sikukuu za baridi mnasahau kisiwa kizima. Newfoundland, mahali ninapokamuliwa na shahada ya uzamili, hatuna Februari yenu. Lakini Krismasi yetu haiishi tarehe 25, inaenda mpaka 6 Januari, na ndani ya siku hizo kumi na mbili kuna wamama.

Si wa-mama! Mummers. Watu wazima wanajifunika uso kwa foronya au kipande cha pazia, mwanamume anavaa gauni, mwanamke anavaa buti la mvuvi, wanajaza mito tumboni, kisha wanagonga mlango wako usiku na kuomba kuingia. Wanasema kwa kuvuta pumzi ndani badala ya kuitoa, ili usitambue sauti. Wanacheza jikoni kwako, wewe unakisia ni nani. Ukimpatia, anafunua uso, unampa kinywaji na keki.

Mara ya kwanza nilikuwa nimepanga chumba kwa bibi mmoja kijijini, nimekaa sebuleni na chai. Mlango ukafunguka, wakaingia watu wanne hawana nyuso. Mimi ni mtu wa Usukumani, nimekua na hadithi za kila aina. Nilitoka kwa mlango wa nyuma na soksi, kwenye theluji. Bibi alinifuata nje anacheka mpaka anashika ukuta. Mmoja wa wale wasio na nyuso alikuwa jirani anayetusafishia njia kwa koleo kila asubuhi.

#25 Pwani_Moja
😂😂😂 Na soksi! Sisi Makunduchi Mwaka Kogwa twapigana kwa migomba, lakini angalau twaonana uso.

#26 kidole_kimoja
Hiyo si sikukuu, ni uvamizi

#27 Msomi_St_Johns
@kidole_kimoja hujakosea sana. Desemba 1860 mtu anaitwa Isaac Mercer aliuawa Bay Roberts na watu waliojifunika nyuso, na 1861 ikatungwa sheria ya kuzuia kutembea umejificha hivyo bila kibali. Vijijini waliendelea kimya kimya. Sasa St. John's wana tamasha lake tangu 2009, mchana kweupe, na watoto.

Na tukiwa hapo hapo: 1 Julai, Siku ya Kanada, mnapochoma nyama na kupeperusha bendera, hapa asubuhi ni maombolezo. 1 Julai 1916 kikosi cha Newfoundland kilitoka mahandakini Beaumont-Hamel, Ufaransa, watu kama 800. Kesho yake walioitikia majina walikuwa 68. Newfoundland wakati huo haikuwa Kanada, imejiunga 1949. Kwa hiyo sherehe inaanza mchana, baada ya maua.

#28 Nyota_ya_Vancouver
Tumetoka Februari tumefika Julai, mwenye uzi atalala njaa. Narudisha baridini: huku kwetu 1 Januari watu wanaruka baharini English Bay, kitu kilichoanza 1920. Nimeenda mara moja. Sitaeleza.

#29 Mkamba_Calgary
Eleza.

#30 Nyota_ya_Vancouver
Niliingia Mkikuyu, nikatoka sijui kabila langu.

#31 Hamilton_Juu
Mmesahau ya kuchekesha kuliko zote: 2 Februari, siku ambayo taifa lenye wanasayansi linamuuliza mnyama kuhusu hali ya hewa. Mnyama mwenyewe, groundhog, ni kama pimbi aliyenona. Akitoka shimoni akaona kivuli chake, baridi wiki sita zaidi. Wa Ontario anaitwa Wiarton Willie, na kazi hiyo imekuwa ya ukoo tangu 1956.

1999 Willie alikufa siku chache kabla. Waandaaji badala ya kunyamaza wakamweka kwenye jeneza dogo mbele ya umma. Baadaye ikajulikana kwamba aliyelala mle jenezani si Willie bali mwenzake aliyekaushwa, maana marehemu alikuwa ameshaharibika. Na 2023 yule wa Quebec, Fred, alikutwa amekufa wakaenda kumwamsha atabiri. Wakampa mtoto ashike mwanasesere wa manyoya. Utabiri ukatolewa hivyo hivyo.

#32 Lushois_613
Kwetu tarehe ile ni Chandeleur, tunakula ba-crêpe. Mapadri walitufundisha ni siku ya mishumaa, Yesu kupelekwa hekaluni. Huyu panya wa Hamilton ameingia wapi?

#33 Mzee_wa_Brampton
Ni siku moja. Wajerumani walikuwa na imani kwamba siku hiyo ya mishumaa kukiwa na jua basi baridi itaendelea, wakimtazama nguchiro fulani wa kwao. Walipohamia Amerika wakamkuta huyu.

#34 Lushois_613
Nguchiro hayuko Ulaya ya baridi, mzee. Ule ni blaireau, Waingereza wanaita badger. Nguchiro anakula nyoka.

#35 Mzee_wa_Brampton
Nimesahihishwa. Mwenye Kiswahili cha blaireau alete.

#36 Dereva_wa_Kaskazini
Mimi huwa nasoma tu lakini leo niseme. Nimeishi Inuvik majira mawili. Kule jua linaaga mwanzoni mwa Desemba, linarudi mnamo 6 Januari, siku kama thelathini. Si giza la kaburi, mchana kunakuwa na mwanga wa bluu saa chache, lakini jua lenyewe hulioni. Linaporudi mji mzima unatoka nje, moto mkubwa, fataki, na baridi ambayo ukikohoa kikohozi kinaanguka chini. Linachungulia dakika chache tu kisha linazama. Niliona wanaume wazima wanalia, na mimi nilikuwa mmoja wao, nikasingizia upepo.

Mzee mmoja Mwinuiti alinieleza ya kwao mashariki zaidi, Igloolik, jua linarudi katikati ya Januari. Zamani siku hiyo watoto walipita nyumba kwa nyumba wakizima taa za mafuta ya sili, qulliq, kisha zote zinawashwa upya kutoka utambi mmoja. Hilo limo kwenye akili yangu kuliko Family Day zote. Hakuna malipo ya kugawa kwa 20.

#37 Binti_Winnipeg
Nimesoma hiyo mara mbili. Asante ndugu dereva.

#38 Mama_Mishahara
Na mimi. Ingawa kugawa kwa 20 kumenilipia nyumba 😄

#39 Shangazi_Orleans
Turudi kwa Baba Wawili kabla Jumatatu haijafika. Wikendi hiyo Ottawa na Gatineau ni Winterlude, tamasha la majira ya baridi, Wafaransa wanaita Bal de Neige, ipo tangu 1979 na mengi ni bure. Wapeleke watoto Jumamosi upande wenu, bustani ya Jacques-Cartier, kuna vilima vya kuserereka. Upande wa Ottawa kuna sanamu za barafu na mfereji wa Rideau, kilomita 7.8 za kuteleza. Tazama bendera: kijani ingia, nyekundu geuka. Barafu inatakiwa ifike sentimita 30 hivi ndipo wafungue. Msimu wa 2022–23 haikufika, na kwa mara ya kwanza tangu waanze miaka ya 70 mfereji haukufunguliwa hata siku moja. Watu hapa walizungumza kama msiba.

Viatu vya kuteleza usinunue vipya, watoto wanakua. Maduka ya mitumba yanavyo tele. Na vaa suruali mbili, hasa wewe, maana utakalia barafu kuliko utakavyoisimamia.

#40 Pwani_Moja
Na Boxing Day je? Hiyo hata Tanzania twapumzika. Nimeambiwa Quebec haimo kisheria.

#41 Mama_Mishahara
Haimo. Ontario imo, serikali kuu imo, Quebec haimo. Na usianze habari ya Pasaka: Quebec mwajiri anachagua akupe Ijumaa Kuu au Jumatatu ya Pasaka. Nina mteja amechagua Jumatatu na nusu ya wafanyakazi wake ni Wakongomani Wakatoliki. Simu yangu Ijumaa Kuu…

#42 Lushois_613
Huyo mteja namjua. Ni patron wangu.

#43 Baba_Wawili_Gatineau
Wakuu nimerudi, samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa nasoma yote. Ripoti ya Jumatatu:

Saa kumi na mbili na nusu niliamka kumwashia mke gari, digrii 22 chini ya sifuri. Nikawavalisha watoto, nikawapeleka kituo cha basi la shule. Jirani yangu mzungu, mtumishi wa serikali kuu, akanipita na begi anaenda Ottawa kazini, tukapungiana mikono: yeye wa Gatineau anakwenda kufanya kazi Ontario siku ya sikukuu ya Ontario, mimi wa kazi ya Ontario nabaki Quebec kusiko na sikukuu. Nikarudi ndani nikapika pilau kweli. Nikasinzia kwenye kochi. Saa tisa na nusu nikaenda kuwapokea watoto.

Jioni mke akauliza, "Haya, Siku ya Familia umefanya nini?" Nikasema nimeikumbuka familia. Hakucheka.

Barafuni tulikwenda Jumamosi kama alivyoshauri Shangazi. Nimeanguka mara kumi na moja, mwanangu mdogo ndiye aliyehesabu, kwa sauti.

#44 Shangazi_Orleans
Suruali ngapi?

#45 Baba_Wawili_Gatineau
Moja. Nimejifunza.

#46 Pwani_Moja
Bado sijajibiwa kwa nini Februari. Nina premia mwenye matatizo ya nyumbani, uchaguzi, Wamarekani, uchovu wa baridi. Mimi narudi kwenye bendera.

#47 Hamilton_Juu
Pwani acha bendera!

#48 Chuma_cha_Mjerumani
Baba Wawili, Jumanne uliingia kazini?

#49 Baba_Wawili_Gatineau
Niliingia dakika ishirini kabla ya zamu. Nilisoma #6.